Nimeitwa Ofisi ya Kodi: Nibebe Nini na Niseme Nini?

Swali: "Nimejiajiri, natengeneza samani. Nimepokea barua ya ofisi ya kodi ikinitaka nifike mwenyewe baada ya siku kumi na mbili, nikiwa na kitambulisho na kumbukumbu za mapato na matumizi ya mwaka mmoja uliotajwa. Barua inasema mapato niliyoyatangaza katika ritani yangu (fomu ya kodi ya mwaka) yanatofautiana na fedha zilizoingia benki. Ni kweli ziliingia fedha nyingi kuliko mauzo yangu, kwa sababu kaka yangu alinikopesha na mimi mwenyewe huhamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Baadhi ya risiti zimepotea, nyingine maandishi yamefutika kabisa. Mtu mmoja ananishauri nibebe kila karatasi niliyonayo, mwingine ananiambia nisibebe kitu na nisiseme neno. Sijalala vizuri tangu barua ifike. Je, wameshaniona mkosaji? Nibebe nini, niseme nini, na je, niende na mtu?"

Ndugu msomaji, pole kwa usingizi uliokupotea, na asante kwa kulieleza jambo lako kwa ukamilifu kiasi kwamba naweza kukujibu bila kubahatisha. Nikiyasoma upya maneno yako naona unahofia mambo matatu: kwamba uamuzi umeshatolewa na unaitwa kusomewa tu, kwamba karatasi ulizonazo hazitoshi, na kwamba neno moja utakalolitamka vibaya litakuponza. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, kwanza nikiwa ofisa niliyepokea watu wa miadi kama yako, na sasa nikiwa mshauri ninayewaandaa na mara nyingine kuwasindikiza. Watu wengi niliowaona wakitoka humo na deni wasilostahili hawakuwa wameficha kitu. Walikuwa wamefika wakiwa na karatasi nyingi na maelezo machache.

Nianze na swali lako la kwanza. Barua ya wito wa namna uliyoieleza si hukumu, na kwa kawaida si mwanzo wa kesi ya jinai. Taasisi za kodi siku hizi hupokea taarifa kutoka kwa watu wengine wanaoshughulika nawe, yaani mabenki, waajiri, kampuni zilizonunua bidhaa zako na idara nyingine za serikali, kisha mfumo wa kompyuta huzilinganisha taarifa hizo na ritani uliyowasilisha. Pale namba mbili zinapopishana kupita kiwango kilichowekwa, jalada lako hutolewa na kupewa ofisa. Mfumo huo haujui kaka yako ni nani, wala hautambui kwamba fedha zilizoingia Jumanne ndizo zilezile zilizotoka Jumatatu kwenye akaunti yako nyingine; unachokiona ni jumla ya upande mmoja na jumla ya upande wa pili. Ofisa atakayekupokea ana namba hizo mbili mezani, na katikati yake pana nafasi tupu. Wewe unaitwa uijaze.

Hapa ndipo ushauri wa kunyamaza unapokosea. Katika nchi nyingi, kwenye masuala ya kodi, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipakodi: ofisa halazimiki kuthibitisha kwamba fedha ile ilikuwa mauzo, bali wewe ndiye unayepaswa kuonyesha kwamba haikuwa. Usipoeleza, sheria humruhusu kukadiria kwa taarifa alizonazo, na taarifa alizonazo ni taarifa ya benki peke yake. Mkopo wa kaka yako utageuka mapato kwa sababu tu hakuna aliyesema vinginevyo. Ushauri wa kubeba kila kitu nao una madhara yake, nami nitaueleza zaidi huko mbele.

Kabla ya maandalizi yoyote, hakikisha barua ni ya kweli. Matapeli hupenda sana kujifanya maofisa wa kodi, kwa sababu wanajua hofu humfanya mtu alipe kabla ya kufikiri. Usiipigie namba iliyoandikwa katika barua yenyewe. Tafuta namba ya ofisi kwa njia yako, kwenye tovuti rasmi au kwenye nyaraka zako za zamani, kisha uulize kama miadi yako imesajiliwa na kwa jina la ofisa gani. Barua inayodai malipo ya haraka kwa kadi za zawadi au kwa akaunti ya mtu binafsi, au inayokukataza kumweleza mtu mwingine, haitoki ofisi ya kodi.

Ukishathibitisha, isome barua mara ya pili ukiwa na kalamu ya risasi mkononi. Pigia mstari mwaka unaohusika, aina ya kodi inayotajwa, nyaraka zilizoombwa kwa jina, na kifungu cha sheria kilichotajwa kama kipo. Mambo hayo manne ndiyo mipaka ya mazungumzo yenu. Barua yako, kwa jinsi ulivyoieleza, inahusu mwaka mmoja na jambo moja, yaani tofauti kati ya mapato yaliyotangazwa na fedha zilizoingia benki. Haiulizi kuhusu mwaka uliofuata wala thamani ya mashine zako. Maandalizi yako yote yajibu swali hilo moja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na ningependa uipe jioni tatu kamili badala ya usiku mmoja wa mwisho. Chukua taarifa ya benki ya mwaka mzima, ya kila akaunti uliyonayo, na upitie kila fedha iliyoingia. Mbele ya kila ingizo andika kwa neno moja lilikuwa nini: mauzo, uhamisho, mkopo, marejesho, malipo ya awali. Usiruke hata dogo, kwa sababu maingizo madogo yakirundikana ndiyo yanayokuja kukosekana mwishoni. Ukimaliza, jumlisha kila kundi, kisha uandike ukurasa mmoja ambao sisi huuita ulinganisho.

Nikuonyeshe unavyokuwa. Tuseme jumla ya fedha zilizoingia benki ni 4,820,000, na mapato uliyoyatangaza katika ritani ni 3,100,000. Tofauti ni 1,720,000, na hiyo ndiyo namba iliyoandikwa juu ya jalada la ofisa. Chini yake unaandika: uhamisho kati ya akaunti zangu, 640,000, mkopo wa kaka, 500,000, fedha alizonirudishia msambazaji wa mbao baada ya kurudisha mzigo mbovu, 80,000, malipo ya awali ya mteja kwa kazi iliyokabidhiwa mwaka uliofuata, 150,000. Jumla ya maelezo ni 1,370,000. Kinachobaki bila maelezo ni 350,000. Pembeni ya kila mstari unaweka namba ya kiambatisho: hapa taarifa za akaunti zote mbili zikionyesha fedha kutoka na kuingia siku ileile, hapa makubaliano ya mkopo, hapa barua ya msambazaji. Ofisa mwenye majalada mengi mezani, akipewa karatasi ya namna hiyo, hana haja ya kukuhoji kuhusu maingizo mia tatu. Anahakiki mistari minne na kukuuliza kuhusu mmoja au miwili.

Mstari wa malipo ya awali ndio ambao ningeutazama kwa uangalifu zaidi kuliko yote. Ikiwa hesabu zako zinatambua mapato pale kazi inapokabidhiwa, basi fedha ile ni ya mwaka uliofuata, nawe utaonyesha kwamba uliitangaza mwaka huo. Lakini wafanyabiashara wengi wadogo huruhusiwa kuhesabu mapato pale fedha inapoingia mkononi, na kama huo ndio utaratibu unaoutumia, malipo yale yalipaswa kuwemo katika ritani ya mwaka ulioulizwa, na kiasi kilichobaki si 350,000 tena bali 500,000. Usichague utaratibu kwa kutazama ni upi unaokupunguzia deni mwaka huu. Tazama ritani zako za nyuma zilitumia upi, na ubaki nao.

Mkopo wa kaka nao unahitaji zaidi ya neno lako. Ikiwa hamkuandikiana, msiandike leo karatasi yenye tarehe ya zamani. Hilo hugeuza jambo la kweli kuwa udanganyifu, na maofisa hulitambua haraka kuliko watu wanavyodhani. Kinachotakiwa ni maelezo ya kaka yako yaliyoandikwa leo kwa tarehe ya leo, yakieleza kiasi, siku aliyokupa na masharti ya kurejesha, pamoja na taarifa yake ya benki inayoonyesha fedha ikitoka kwake siku hiyo. Kama umeshaanza kurejesha, onyesha marejesho hayo, maana hakuna ushahidi wa mkopo unaoshinda fedha inayorudi kwa aliyekopesha.

Na kile kilichobaki? Wateja wangu wengi hutaka kukifunika, na mimi huwasihi wasifanye hivyo. Ikiwa baada ya kupitia kila ingizo unaona kwamba 350,000 ilikuwa mauzo uliyoyasahau, sema hivyo wewe mwenyewe, mapema katika mazungumzo, kabla hujaulizwa. Sababu si ya kimaadili peke yake. Sheria za kodi karibu kila mahali hutofautisha uzembe na makusudi, na pia humtofautisha anayejieleza na anayesubiri kugunduliwa. Uingereza, kwa mfano, adhabu ya kosa la uzembe ni kati ya asilimia 0 na 30 ya kodi iliyopungua kwa mtu aliyejitokeza mwenyewe kabla ya kuulizwa, na kati ya asilimia 15 na 30 kwa aliyefichua baada ya kuulizwa, ilhali kosa la makusudi lililofichwa linaweza kufika asilimia 100. Marekani adhabu ya kawaida ya uzembe ni asilimia 20 ya kodi iliyolipwa pungufu, na ya ulaghai ni asilimia 75. Wewe umeshaulizwa, hivyo nafasi ya kujitokeza bila kuulizwa imepita kwa mwaka huo, lakini tofauti kati ya mtu mzembe na mtu mlaghai bado iko mikononi mwako, na sehemu kubwa yake itaamuliwa na namna utakavyoieleza ile namba iliyobaki.

Kuhusu nyaraka, panga kwa kufuata mistari ya ule ukurasa wako na si kwa kufuata tarehe au ukubwa wa karatasi. Beba nakala halisi za kuonyesha na vivuli vya kuacha. Halisi hazibaki ofisini isipokuwa sheria inamruhusu ofisa kuzichukua, na ikiwa hivyo, omba hati ya kukiri kupokea yenye orodha ya kila karatasi, tarehe, jina na saini yake. Andaa orodha hiyo wewe mwenyewe nyumbani katika nakala mbili, ili pale unapokabidhi vivuli vyako nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Nimeona mashauri yakichukua miaka kwa sababu ofisi ilisema haikupokea kitu na mlipakodi akasema alikipeleka, bila yeyote kati yao kuwa na karatasi ya kuthibitisha.

Sasa nirudi kwa yule aliyekushauri ubebe kila kitu. Nikiwa ofisa niliwahi kumpokea mtu aliyekuja na sanduku zima, akalifungua mezani na kuniambia nitafute mwenyewe. Nilitafuta, kwa sababu ndiyo kazi yangu, nami nikakutana na daftari la mwaka mwingine ambao sikuwa na swali nao, lenye namba zisizolingana na ritani ya mwaka huo. Hakuwa mlaghai, lile lilikuwa daftari la makadirio ya matumaini, mauzo aliyotarajia kuyapata. Ilimchukua miezi kuthibitisha kwamba mauzo yale hayakuwahi kutokea. Kubeba kilichoombwa si kuficha. Ofisa akihitaji kitu cha ziada ataomba, na ni afadhali aombe kwa maandishi nawe upate muda wa kukiandaa vizuri.

Umesema baadhi ya risiti zimefutika. Hilo husababishwa na karatasi yenyewe: risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto juu ya karatasi yenye kemikali, bila wino, na maandishi yake hufifia kwa mwanga, joto na mguso wa mafuta ya vidole. Zile ambazo bado zinasomeka zitoe vivuli leo, au uzipige picha kwenye mwanga mzuri, kisha uambatanishe risiti yenyewe na kivuli chake. Usizipitishe kwenye mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki, maana joto lake huigeuza karatasi yote kuwa nyeusi. Zile zilizokwisha kufutika na zilizopotea, nenda kwa aliyekuuzia. Naye ana wajibu wa kutunza kumbukumbu zake, miaka 5 kwa mfano nchini Kenya na Tanzania, miaka 6 nchini Kanada, kwa hiyo anaweza kukupa nakala ya ankara. Ukikosa hata hiyo, malipo yanayoonekana benki, ujumbe wa maagizo, hati ya kupokea mzigo na picha ya kazi iliyotokana na vifaa hivyo vinaweza kuungwa pamoja kuwa ushahidi. Si kila ofisa ataukubali, nami sitaki kukupa matumaini ya uongo: kodi ya ongezeko la thamani, hasa, huwa na masharti makali, na bila ankara halali dai la kurejeshewa kodi hiyo kwa kawaida hukataliwa. Lakini kwa gharama za kawaida za biashara, ushahidi wa namna hii huzingatiwa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kilicho hatari ni risiti ya kutengeneza. Risiti moja ya kughushi huzifanya zote zilizo halali zitiliwe shaka.

Vitu vingine ni vyepesi: kitambulisho chenye picha ambacho hakijaisha muda, namba yako ya mlipakodi, barua yenyewe, nakala ya ritani unayoulizwa, na daftari tupu la kuandikia. Ikiwa huielewi vizuri lugha ya ofisi hiyo, au una ulemavu unaohitaji mpangilio maalumu, waarifu siku kadhaa kabla. Ofisi nyingi hutoa mkalimani au msaada zikiarifiwa mapema, na hazina cha kufanya zikijua ukiwa umeshafika mlangoni. Fika mapema. Taarifa zilizomo kwenye simu zichapishe, kwa sababu ukimpa ofisa simu yako atazame muamala mmoja, utakuwa umempa na mingine yote.

Ukiingia, anza kwa kuandika jina la ofisa, cheo chake na saa mliyoanza. Mkabidhi ukurasa wa ulinganisho kabla hajaanza kuuliza, ukisema kwa ufupi kwamba umepitia tofauti iliyotajwa katika barua na haya ndiyo maelezo yake. Mara nyingi hapo mwelekeo wa mazungumzo yote hubadilika, kwa kuwa sasa anafuata mpangilio wako. Kisha jibu unachoulizwa, kwa ukweli, na ukimaliza jibu, simama. Watu wenye wasiwasi hujaza ukimya kwa maneno, na katika maneno hayo hutoa makisio wanayoyasema kama hakika: "nadhani mauzo yalikuwa kama laki nne kwa mwezi". Kisio hilo litaandikwa, na likizidishwa mara kumi na mbili halitalingana na namba yako yoyote. Kuna jibu ambalo watu huliogopa bila sababu, nalo ni hili: "Sina hakika na hilo, nitalithibitisha na kukuletea jibu kwa maandishi." Mimi nikiwa ofisa nililiheshimu jibu hilo, kwa sababu anayelitoa kwa kawaida huleta jibu lililo sahihi. Ila ukiahidi, timiza ndani ya siku mlizokubaliana.

Usirekodi kwa siri. Nchi nyingine huruhusu kurekodi kwa masharti; Marekani, kwa mfano, mlipakodi anaweza kurekodi mahojiano yake kwa sauti ikiwa ameiarifu ofisi siku 10 kabla. Kwingine kurekodi bila ridhaa ni kosa. Maandishi yako ya daftarini yanatosha kwa miadi kama hii.

Ukipewa hati ya kusaini, tofautisha aina mbili. Saini ya kuthibitisha kwamba ulihudhuria au kwamba umepokea barua haina madhara, mradi umeisoma. Saini ya kukubali kiasi cha kodi ni jambo jingine kabisa, maana katika nchi kadhaa inaweza kukufungia njia ya kupinga baadaye. Hulazimiki kuitia siku hiyohiyo. Omba nakala, sema unataka kuipitia na mshauri, na uulize una siku ngapi. Ombi hilo ni la kawaida na halimuudhi ofisa anayeijua kazi yake.

Je, uende na mtu? Kwa jambo kama lako, la mwaka mmoja, lenye maelezo yanayoeleweka na kiasi kidogo kilichobaki, naamini unaweza kwenda peke yako ukiwa umejiandaa hivi, na kabla ya siku hiyo ulipie saa moja ya mhasibu au mshauri wa kodi aliyesajiliwa aupitie ukurasa wako. Saa hiyo moja ina thamani kubwa kuliko kumlipa akae kimya pembeni yako siku nzima. Ukitaka azungumze kwa niaba yako, atahitaji idhini ya maandishi kabla ya miadi. Marekani hutumika Fomu 2848, Uingereza Fomu 64-8, na nchi nyingine zina fomu au hati zake za uwakilishi. Bila hati hiyo kwa kawaida ofisa hajadili mambo yako na mshauri huyo, kwa sababu ya wajibu wa kutunza siri za mlipakodi. Asiye na uwezo wa kulipa aulize kuhusu huduma za bure. Marekani kuna kliniki za walipakodi wa kipato cha chini, na Afrika Kusini ina ofisi huru inayopokea malalamiko ya walipakodi dhidi ya mamlaka ya kodi tangu 2013. Vyama vya wahasibu na vitivo vya sheria vya vyuo vikuu katika nchi nyingi navyo huwa na siku za ushauri.

Kuna hali, hata hivyo, ambazo ningekuambia usiende kabla ya kukaa ana kwa ana na wakili wa masuala ya kodi. Ya kwanza ni pale barua inapotaja uchunguzi wa jinai, au inapotoka kitengo cha upelelezi badala ya ukaguzi wa kawaida. Ya pili ni pale unapojua moyoni kwamba mauzo yaliachwa kwa makusudi, au kwamba karatasi fulani uliyokwisha kuiwasilisha si ya kweli. Ya tatu ni akaunti ya nje ya nchi usiyoitangaza. Tangu 2017 nchi nyingi zimekuwa zikipeana taarifa za akaunti hizo kwa utaratibu wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, na huenda ofisa anazo tayari hata kama barua haikuzitaja. Katika hali hizo nasema wakili na si mhasibu, kwa sababu mazungumzo na wakili hulindwa na sheria kwa kiwango ambacho mazungumzo na mhasibu mara nyingi hayalindwi. Marekani, kwa mfano, kinga inayowahusu washauri wa kodi wasio mawakili haifanyi kazi katika mashauri ya jinai. Na kama umeshaketi na maswali yakageukia upande huo bila wewe kutarajia, unaweza kusema kwa adabu kwamba ungependa kupata ushauri kabla ya kuendelea, na kuomba miadi nyingine. Kuomba hivyo si kukiri.

Siku kumi na mbili zinatosha kwa kazi niliyokueleza, ingawa hazina nafasi ya kupoteza. Ukiona wiki ya kwanza imeisha na benki haijakupa taarifa zako, omba kuahirisha kwa maandishi kabla ya tarehe, ukitaja sababu na kupendekeza siku nyingine. Kutofika bila taarifa ndicho kitendo kimoja ambacho ningekukataza kabisa, kwani hapo ofisa hubaki na namba zake mbili na mamlaka ya kukadiria.

Ikiwa mwishoni itaonekana unadaiwa na huna fedha ya kulipa kwa mkupuo, liseme hilo palepale na uulize utaratibu wa kulipa kwa awamu. Njoo na namba uliyoipigia hesabu, kiasi unachoweza kukitoa kila mwezi bila kukosa. Awamu moja ikikosekana, makubaliano mengi huvunjika na deni lote hudaiwa kwa pamoja, hivyo kiasi kidogo unachokimudu ni salama kuliko kikubwa cha kumridhisha ofisa. Riba kwa kawaida huendelea kuhesabiwa mpaka deni liishe. Kwa hiyo ukiweza kulipa mapema ile sehemu usiyoibishia, fanya hivyo.

Siku hiyohiyo ukirudi nyumbani, kabla kumbukumbu haijachuja, andika ukurasa mmoja: mlizungumza nini, ulikabidhi nini, aliahidi nini, uliahidi nini na kwa tarehe gani. Kisha mtumie ofisa barua fupi ya kuthibitisha mambo hayo. Asipoyapinga, barua hiyo itakuwa kumbukumbu yenye uzito endapo ofisa atahamishwa na mwingine kulichukua jalada, jambo linalotokea mara kwa mara.

Uamuzi utakuja kwa maandishi. Ukifika, tazama tarehe iliyo juu yake kabla ya kutazama kiasi, kwa sababu muda wa kupinga huhesabiwa kutoka pale, au kutoka siku ulipoupokea, na ni mfupi: siku 30 kwa pingamizi nchini Kenya na Tanzania, siku 45 Uganda, mwezi mmoja Ujerumani, na siku 90 kwa anayetaka kwenda Mahakama ya Kodi ya Marekani baada ya notisi ya upungufu, yaani barua rasmi inayosema kodi uliyolipa ni pungufu. Masharti nayo hutofautiana. Tanzania, kwa mfano, anayeweka pingamizi hutakiwa kwanza kulipa kodi asiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa, isipokuwa Kamishna, yaani mkuu wa mamlaka ya kodi, amempunguzia. Kwa hiyo usisubiri majibu ya simu wala ahadi ya mdomo kwamba jambo litarekebishwa. Kama namba si sahihi, pingamizi la maandishi liwe limepokelewa na kugongwa muhuri kabla siku hizo hazijaisha, likiambatanishwa na ule ukurasa wako wa ulinganisho na viambatisho vyake vyote.